Shimo Lililosimama

Kitendawili.
Tega.
Shimo limesimama wima, halimwagi giza lake.

Watoto wa Gulwe hawahangaiki kufikiri:
dohani ya kinu cha mafuta, ng'ambo ya reli,
futi tisini za tofali la kuchoma.
Wakusanya chuma chakavu walipokuja
walibeba boila, wakabeba puli na mikanda,
wakang'oa hata kitasa cha choo cha wahasibu.
Dohani wakaiacha.
Shimo, hata likisimama, utaliuza kilo ngapi?

Mimi nilishika ncha ya tepu.
Mhandisi Nyemo Chilongani alishika ncha nyingine,
kofia ya plastiki, buti zenye vumbi la siku ya kwanza.
"Mita arobaini na mbili," akasema, akaandika.
Nikamwambia: hapo katikati alisimama baba yangu,
Chedego, fundi wa boila, miaka kumi na saba,
na pale penye mavi ya popo palikuwa na mizani.
Akaandika na hilo.
Sijui aliliandika kwenye safu gani.

Akanionyesha kitu nilichokipita utoto wote:
paa lina meno kama msumeno,
na kila jino limevaa kioo upande wa kusini
ili mwanga uingie, jua libaki nje.
"Aliyechora hili," akasema, "aliwaonea huruma."
Mama yangu, Sechelela, aliyeshona magunia humo, akacheka:
"Huruma ilikuwa juu, kwenye paa.
Chini kwetu palikuwa na msimamizi."

Hatubomoi, Nyemo alisema. Kubomoa hata mchwa anajua.
Humu kutakuwa na ghala la mbegu, na karakana,
lakini kwanza, udongo.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu alikuja nayo, akatugawia sisi.
Ardhi ya nyuma ya kinu imelewa, akasema:
dizeli, grisi, na kile kioevu cha kusafishia mashine,
imenyweshwa miaka thelathini, haijalevuka.
Pandeni alizeti, mizizi inyonye.
Mwaka wa kwanza, msile. Wa pili, msile.
Msikamue. Msiwape kuku. Ng'oeni, mchome.

Kimya.
Unawaambia Wagogo wapande, wasile?
Watu wanaohesabu miaka kwa majina ya njaa?
Mmoja nyuma akatema mate, akapanda baiskeli yake.
Mama akajifunga kanga kiunoni.
"Nimelisha mashine miaka kumi na moja
na sikuonja. Leteni mbegu."

Mvua zikachelewa kama kawaida, zikaja.
Machi, nyuma ya kinu kukawa na umati wa nyuso
zimegeukia mashariki zote, kama abiria
waliosikia honi ya treni kutoka Godegode.
Nyuki hawakuambiwa sheria.

Tukakata. Tukarundika.
Nyemo alihesabu vichwa, akawasha kiberiti
na hakututazama usoni.
Moshi ukapanda kando ya dohani, haukuingia,
kama mgeni anayeuzunguka ukuta
asijue mlango ulipo.

Zamani, king'ora kikilia saa kumi,
wanawake walipanga foleni getini
wakapekuliwa, pindo kwa pindo;
karanga moja ilimla mtu mshahara wa siku.
Geti liliondoka na chuma chakavu.
Zimebaki nguzo mbili, zinatazamana.

Jioni ile mama alipofika katikati yake
alisimama, akainua mikono
kama mtu anayesubiri.
Hakuna aliyekuja.
Akaishusha, akacheka peke yake, akashika njia.

Kwenye pindo la kanga, fundo dogo.
Punje moja, labda mbili.

Sikumwambia mhandisi.
Mama naye sikumuuliza.