Vitasa Saba

Nimevitoa vyote saba,
nimevipanga juu ya gazeti sebuleni
kama meno yaliyong'olewa kinywa kimoja.

Kaka yangu Nasib, kwa simu, toka Sohar:
"Muite fundi, riyali kumi na tano, yaishe."
Fundi hakuwako Alkhamisi ile
maji yakitambaa chini ya mlango wa choo,
mama ndani amejifungia,
akiuliza kwa sauti ya mgeni mwenye adabu:
"Ufunguo anao nani?"

Alikuwa nao yeye,
umefungwa kwenye pindo la leso.

Saa mbili nzima.
Muhannad, kijana wa jirani, akaja na mtaimbo,
akauomba mlango radhi
kabla hajaupiga.

Dukani Sib, Shaji ana Kiarabu cha kuuzia,
mimi nina Kiarabu cha skuli;
tulikutana kwenye milimita.
Mara ya kwanza nikachukua arubaini na tano.
Tundu zetu ni sitini.
Nikarudi adhuhuri, mwezi wa nane,
usukani ukiniunguza viganja.
"Cha chumba? Cha choo? Cha ofisi?"
"Kisichofunga."
Akanitazama kama niliyeagiza chai isiyo maji.
Kisha akainama chini ya kaunta,
akapuliza vumbi la boksi:
"Hivi huweka hospitali."

Skrubu za zamani zimeshikwa na kutu ya chumvi.
Nimezitia mafuta ya cherehani yake,
nikangoja, nikanywa kahawa, nikajaribu tena.
Moja ilikatika kichwa. Imo mle mpaka leo.

Mpini wa chumbani kwake umelika upande mmoja,
dhahabu imetoka, shaba imetoka, pamebaki weupe:
miaka thelathini na nne ya mkono wa kushoto.
Wa kulia haukuwa mtupu hata siku moja,
sinia, mtoto, Msahafu, mtoto.

Na kila kitasa kina ulimi.
Unausukuma kwa kidole, unaingia. Unauachia, unatoka.
Wa mama siku hizi unaingia tu.
Kiarabu alichojifunza ukubwani, kwa aibu, kwa ajili yetu,
kimetangulia kuondoka.
Alimshukuru Muhannad kwa Kiswahili kirefu, chenye dua,
na kijana, kichwa chini: naam, naam, naam.

Mlango wa mwisho ulikuwa wake.
Nilipokichomoa pakabaki tundu la kiasi cha ndimu,
na ndani ya tundu, jicho.

"Kitendawili."
"Tega."
"Nyumba yangu kubwa haina mlango."

Nalijua. Tangu nina miaka mitano nalijua;
ni yeye aliyelitia yai mkononi mwangu, lingali na joto la kuku.
Nikasema nimeshindwa.
"Nipe mji."
Nikampa Maskati. Akakataa.
Nikampa Sib, na soko lake, na taa zake za barabarani. Akakataa.
Nikampa Wete.

Jicho likafumba. Likafumbua.
"Nimekwenda Wete. Nimekula, nimeoga,
sikufunga mlango."

Nikangoja jibu, bisibisi mkononi.
Jicho likaondoka.
Nikasikia kitanda kikilia, taratibu, upande wake.

Vipya ni vyepesi, rangi ya kijiko.
Vina ulimi, ila havijui kusema hapana.
Shaji kanipa na skrubu za ziada, bure.
Funguo nimemwachia mwenyewe,
zote saba, pindoni:
zinalia akitembea, nasi tunajua aliko.

Usiku huu yumo chooni. Maji yanatiririka.
Nimeshika mpini. Ningeusukuma tu.
"Hodi," nasema.
Maji.
"Hodi, mama."
Alinifunza mwenyewe: hodi ni tatu,
usipojibiwa, rudi ulikotoka.

Nimekwisha piga ya tatu.
Napiga ya nne.