Hati Miliki

Siku niliyohamia kwa Maarika, huko Tartu,
mtaa wa nyumba za mbao
ambao njia zake zimepewa majina ya mboga
(sisi tulikaa Njia ya Njegere,
ukivuka Njia ya Viazi),
niliweka sanduku mlangoni, nikainama kuvua viatu,
na kabla sijafungua kamba ya pili
Pipar alishainua mguu.

Hakuniangalia. Alitazama dirisha
kama karani anayegonga muhuri
huku akiwaza chakula cha mchana.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa ndoo na kitambaa.
Ya nne, ulikuwa mguu wa kiti changu.
Ya tano, mfuko wa kodiani.
Ya sita, gazeti, ukurasa wa tanzia.
Ya saba hakupumzika.

Nikasema: samaki mkunje angali mbichi,
huyu amekauka miaka sita!
Nikataka kumkamata shingo, nimsukumie pua palepale,
kama baba alivyomfanyia mbwa wetu kule Võru.
Na yule mbwa alijifunza kweli:
alijifunza kumwogopa baba,
akawa anakojoa nyuma ya kabati.

Maarika akanishika kiganja.
"Usimhukumu kwa la jana. Mbwa hana jana."

Daktari alikwisha kumhasi tangu Oktoba,
lakini mazoea ni mpangaji sugu,
hahami kwa barua moja.

Basi tukanunua dawa inayokula harufu hadi mizizi,
si ile kali ya choo:
hiyo, kwa pua yake, ni mbwa mwingine aliyepita.
Usiku tukazima taa zote,
tukatambaa na kurunzi ya zambarau,
na nyumba ikatuonyesha maandishi yake:
mlangoni, pembe ya kochi, chini ya dirisha,
na pale ukutani, mbali na vitu vyangu,
duara nne za zamani, zimekaa mraba.

"Hapa palikuwa na nini?"
Maarika alisugua kwanza.
"Kiti cha Heldur," akasema. "Alikaa miezi minane."
Sikuuliza la pili. Nikamsogezea ndoo.

Wiki tatu nilimfunga Pipar mkandani kwangu.
Nikienda jikoni, twende. Nikinyoa ndevu, ananisubiri.
Akinusa kitu kwa makini kupita kiasi
namwita, "Pipar, nje!", bila kufoka,
tunashuka ngazi mbiombio, mimi na koti bila vifungo,
hadi kwenye mti wa mbetula, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ananusa, anafikiri, anazunguka, anafikiri tena
(vidole vyangu vimekwisha kufa)
halafu anainua mguu, theluji inapata ufa wa njano,
nami, mtengeneza vinanda wa miaka hamsini na mitatu,
napaza sauti Njia ya Njegere nzima:
"Hodari! Hodari wangu!"
na kumpa kipande cha soseji
kutoka mfuko ule ule ninaotilia funguo.
Mama Leida wa chini alifungua pazia.
Baadaye akawa hafungui.

Kulikuwa na siku mbaya. Jumapili ya wageni, kwa mfano,
na buti la shemeji.

Machi, matone yakianza kudondoka paani,
tulihesabu siku kumi na tisa kavu.
Kilichobaki kikimsumbua ni sanduku.
Kila asubuhi aliliendea, akalinusa bawaba,
akanitazama.

"Ana haki," alisema Maarika akimenya viazi.
"Miezi minne limesimama mlangoni.
Hata mimi sijui kama linaingia au linatoka."

Nikalifungua. Soksi, nyuma za kupimia sauti,
sweta la marehemu mama, vyote vikapata droo.
Sanduku tupu nikalipandisha darini.

Pipar akaja pale lilipokuwa,
akanusa mraba wa sakafu usio na vumbi,
nikashika pumzi, mkono mfukoni kwenye soseji.
Akapiga chafya.
Akaenda zake kulala.