Hakuna Mtu Humu

Lifti imekufa tangu Oktoba,
basi nahesabu ngazi kabla sijahesabu watu:
mia moja tisini na mbili hadi juu kabisa,
na baridi ya Januari imenitangulia
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

Hii ni Val-Morel, nje kidogo ya Lille,
pale reli inapoupa mtaa kisogo.
Kule ofisini mtaa huu una sura ya jedwali:
walio chini ya miaka ishirini na mitano, arobaini na watatu kwa mia;
wasio na kazi, mmoja katika kila watatu;
akina mama wanaolea peke yao, nguzo nyekundu,
ndefu kuliko zote.
Mkuu wangu anaipenda nguzo ile.
Huigonga kwa kalamu akiongea.

Ghorofa ya tatu. Bi Odette Vanhecke, themanini na minne,
anafungua mlango kwa upana wa mnyororo.
Alihamia jengo likinuka rangi mbichi,
mumewe akisokota pamba ng'ambo ya mfereji.
Kiwanda kilifungwa Machi, mume akakifuata Mei.
"Andika mtu mmoja. Na paka."
Paka hatumwandiki, bibi.
"Basi mnahesabu nini?"

Ghorofa ya tano, Demba Tandia na binamu yake Waly.
Mmoja huosha mabehewa usiku, mmoja hukoroga zege mchana,
na kitanda chao kimoja hakijapata kupoa.
Mnaishi wangapi humu?
Demba anamtazama nduguye akifunga kamba za viatu.
"Inategemea umekuja saa ngapi."

Kisanduku changu kinataka tarakimu.
Naandika mbili. Kalamu inasitasita.

Ya saba, Nassera Boukhalfa hayupo, kisha yupo,
anapanda nyuma yangu na mfuko wa viazi.
Hufagia ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka,
hurudi kuzifagia wakishaondoka;
nusu ya kazi alfajiri, nusu ya kazi jioni,
na nusu hizo mbili, sijui kwa hesabu ya nani,
hazijawahi kufanya nzima.
Mwanawe Ilyès anaijaza fomu kwa mwandiko wa kujivunia.
"Mama, elimu?"
"Weka hakuna."
"Lakini ulikuwa—"
"Weka hakuna, cheti kilibaki Tlemcen."
Alikuwa anafundisha nini? namuuliza.
Anacheka, anamenya kiazi.
"Hesabu."

Ya tisa haifunguki. Harufu ya vitunguu inapita chini ya mlango,
televisheni inazimwa ghafla,
na sauti ndogo, imara kama ya askari:
"Hakuna mtu humu!"
Hakuna watu wangapi?
Kimya. Mnong'ono. Vidole, nadhani, vinahesabiwa.
"Watano. Na mtoto mchanga."

Fomu haiulizi mababu walitoka wapi.
Haiulizi nani ana funguo za nani,
nani humpelekea Bi Odette mkate ngazi zikiganda,
wala kwa nini mlango wa Tandia
una karatasi iliyoandikwa na mtoto:
TAFADHALI, MCHANA KUNA USIKU HAPA.

Ya kumi na mbili sibishi. Nina ufunguo.
Ukuta wa jikoni bado una alama za urefu wangu,
zilikoma mwaka baba alipokwenda kununua tairi.
Mama aliniuzia utoto wake wote, saa moja baada ya nyingine,
kwenye kaunta ya duka la mikate,
akanisomesha hadi nikapata koti hili lenye beji.
Yumo ndani ya nguzo nyekundu, chini kabisa,
mahali rangi inapoanzia.

Dirishani taa zinawaka, moja, nne, nyingine inasita.
Naacha kuhesabu.

Kesho mkuu ataichukua kalamu yake
aigonge tena nguzo ile, tok, tok, mbele ya wageni.
Sijui kama nitathubutu kumwambia:
polepole, bwana,
kuna mtu amelala.