Ukurasa wa Barraza

Mjane wake aliniletea boksi la viatu:
vipande vya magazeti, glavu iliyokakamaa,
na agizo, "Andika, Fidencio. Lakini andika vizuri."
Sikumuuliza vizuri vipi.
Kuna vizuri vya matangani, na kuna vizuri vya hesabu.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mchezo hapa San Lázaro,
kibanda cha bati nyuma ya mdakaji, penseli sikioni.
Treni ya makaa ilipopita
meza ilitetemeka, ndiyo maana tarakimu zangu za zamani
zinaonekana kama zimeandikwa na mlevi.
Sikuwa mlevi. Hilo nalo liandikwe.

Eleuterio Barraza, shoto, mwana wa mchimba makaa.
Misimu kumi na tisa.
Alishinda mara mia moja arobaini na tatu.
Alishindwa mara mia moja hamsini na moja.

Wanawe wanataka niishie kwenye ushindi.
"Baba alibebeshwa timu mbovu."
Kweli, miaka minne mfululizo tulishika mkia,
na mrushaji hawezi kurusha, kukimbia na kudaka peke yake.
Nimeliandika hilo.
Hamsini na moja sikuifuta.

Baudelio kinyozi yeye anataka mpira mmoja tu,
ule uliompiga Isauro Lerma wa Saltillo
na kumzima jicho la kushoto akiwa na miaka ishirini.
"Anzia hapo," ananiambia, wembe shingoni mwangu.
Niliuona ule mpira. Mvua ilikuwa imenyesha,
mwamuzi kagoma kusimamisha mchezo.
Je, alikusudia? Sikuwa ndani ya kiganja chake.
Naandika: awamu ya nne, mvua, jicho la kushoto.
Naandika pia risiti za hawala ya posta, kumi na nne,
kila Desemba, kwenda Saltillo,
na kwamba tatu za kwanza zilirudishwa.

Sasa naifikia tarehe tisa Agosti,
penseli inakuwa nzito.

Awamu ya saba. Mpira wa chini, wa kawaida,
ukamwendea Nicanor, ukaingia kwenye glavu yake,
ukatoka.
Kosa. Hata mtoto wa muuza karanga alijua ni kosa.
Lakini Nicanor nilimsimamia ubatizo,
Jumamosi iliyopita alikuwa ameoa,
na wakwe zake walikaa chini ya kibanda changu, wamevaa nguo za harusi.
Nikaandika: pigo halali.
Siku ile hakuna mwingine aliyempiga Barraza. Hakuna.
Mchezo usio na pigo hata moja, ule ambao mrushaji
huota tangu utotoni, nilimnyang'anya
kwa alama moja ya penseli.

Alitazama juu kibandani mara moja.
Akafuta jasho, akarudi kwenye kichuguu chake.
Msimu uliofuata kiwiko kikamgomea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Nimeusema msemo huu kwenye mazishi ya watu wengi
bila kujua kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Daftari la ligi lilifungwa zamani, halifunguliwi.
Naiacha ile "pigo moja" mahali pake,
na chini yake, kwa wino:
Lilikuwa kosa. La Nicanor kwanza, la karani baadaye.
Nikatia sahihi.

Alhamisi Doña Amparo akaja kusoma, midomo ikichezacheza.
Kwenye jicho alinyamaza. Kwenye risiti alivua miwani,
akaivaa tena.
Kwenye Agosti akasema tu, "Alijua."
Kisha akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa:
"Urefu umekosea. Mume wangu alikuwa mrefu kuliko hivi."

Tukatoa suruali ya suti yake, tukaipima juu ya meza.
Sentimita mia na mbili.
Sijui mtu mzima anapatikanaje kutoka kwenye suruali.
Hapo nimeacha nafasi wazi.