Aina ya Chombo

Hiace nyeupe, namba za zamani,
imeegeshwa Bima tangu alfajiri,
pazia la kitenge dirishani,
na kamba ya kuanikia kutoka kioo cha pembeni
hadi nguzo ya taa ya Manispaa.

Miaka minne natoza ushuru wa maegesho Mtwara mjini.
Nimetoza Fuso za korosho zinazomwaga vumbi,
nimetoza bwana harusi, nimetoza gari la maiti
(hela nikairudisha, nikatubu),
lakini hili ndilo gari la kwanza
nililolisogelea nikajikuta nasema: hodi.

Sijui kwa nini. Labda kile kipande cha gunia
kilichotandikwa juu ya lami pa kufutia miguu,
na ndara zimevuliwa hapo, zinatazama barabara.

"Karibu," sauti ikajibu. "Pita ndani."

Sasa nifanyeje? Mashine mkononi
na nimeshakaribishwa.
Mtu akikwambia karibu, humwambii lete mia tano.
Unauliza kwanza za asubuhi, za watoto, za mvua.
Nikauliza. Chai ya mchaichai ikamiminwa.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, magoti nje,
moshi wa bodaboda ukipita kati yangu na kikombe.

Anaitwa Chihangu. Miaka thelathini na moja
kabeba korosho za watu, Newala hadi bandarini,
foleni ya ghala ikimlaza kwenye usukani
shingo upande, kwa maana zote mbili.
Kiinua mgongo kilipotoka
akaununulia mgongo kitanda,
kitanda akakinunulia gari.

"Mji una adabu zake," akasema, anakoroga sukari.
"Usiegeshe mteremkoni, sufuria itahama.
Usiegeshe chini ya mkorosho msimu huu:
mabibo yatakupiga paa usiku kucha
utadhani una deni na mtu.
Shangani pana upepo, ila askari huja na tochi,
humulika kitanda kwanza, leseni baadaye.
Kituo cha mafuta njia ya Mikindani wanakuacha
ukijaza lita kumi. Lita kumi ni kodi hiyo.
Choo cha stendi mia mbili. Kuoga mia tano, ndoo nusu.
Na mbele ya duka muombe mlinzi, si mwenye duka.
Mwenye duka analala kwake."

Nikawasha mashine. Ikauliza: AINA YA CHOMBO.
Bajaji. Gari dogo. Basi dogo. Lori.
Nikapandisha, nikashusha. Kidole kikagoma.
Chombo, kwa bibi yangu, ni sahani.
Chombo ni hiki kikombe, bado cha moto.
Nikabonyeza gari dogo, saa moja.

Akalipa kwa sarafu za kopo la maziwa,
risiti akaipokea kwa mikono miwili
akaibandika ukutani, penye za Masasi,
za Lindi, za Nachingwea,
pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Jioni nikarudi Chikongola kwenye chumba changu.
Mwenye nyumba kakaa kibarazani, ananisubiri:
miezi sita mbele, ama Ijumaa nihame.
Huyo risiti haandiki.
Usiku mvua ikapiga bati, nami macho juu
nikifikiri: bati lake na langu ni lile lile,
ila lake lina magurudumu.

Asubuhi Bima palikuwa pamelowa pote
isipokuwa mstatili mmoja mkavu,
upana wa Hiace,
urefu wa mtu aliyejinyoosha.

Nikaingia nikasimama humo na viatu vyangu vya kazi,
mashine imezimwa, sijui kwa muda gani.
Nyuma yangu bajaji ikapiga honi.
Dereva akatoa kichwa:
"Dada, unatoka?"