Mwezi Uliokosa Mlango

Mwanamvua, nilikuuliza, "Ni nani?"
Mara ya kwanza nikichagua mchele,
mara ya pili nimeshika mwiko.
Ukasema, "Hakuna mtu, mama."
Nikaupekua mkoba wako wa shule:
rula iliyovunjika, daftari la jiografia,
kokwa za ubuyu ndani ya karatasi.
Hakuna mtu.

Kila mwezi, siku tatu, ulijikunja kama jongoo,
ukaing'ata ncha ya mto
ili Barabara ya Kumi na Tano isikusikie.
Nami nilikukanda kwa chupa ya maji moto, huku nikihesabu:
wenzio wote wameshavunja ungo,
wewe kumi na nne na nusu, bado.
Bado, na tumbo linapanda.

Somo yako, Bi Mwanakheri, alilitazama kwa pembe ya jicho.
"Mimba ni kikohozi," akasema, "haifichiki."
Pazia la jirani likacheka.
Shuleni wakakupa kikopo. Kipimo kikasema hakuna.
Wakasema kipimo kibovu.
Nami, mama yako,
nikasema kipimo kibovu.

Bombo. Benchi la mbao, namba arobaini na mbili.
Sista Shemndolwa hakuniuliza mimi.
Alikuuliza wewe kama anaruhusiwa kukupima.
Ukatikisa kichwa. Akavuta kiti, akasubiri,
akakuuliza habari za netiboli,
akasubiri tena, mpaka wewe mwenyewe ukasema haya,
lakini mama anishike mkono.

Daktari Kihiyo alichora nyuma ya cheti:
chungu, shingo yake, na mdomoni utando
mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai.
"Amezaliwa nao. Damu inakuja kila mwezi,
haina pa kutokea, basi.
Tutaufungua, ni kazi ndogo, atalala hasikii.
Hakukosa yeye. Hukukosa wewe."
Hilo la mwisho nililirudisha kimoyomoyo.

Tulirudi saa sita mchana, jua la utosi,
katikati ya barabara, si pembezoni.
Dukani kwa Mzee Badi nikataka pedi, pakiti mbili.
Akanyoosha mkono achukue gazeti la kufungia.
Nikamwambia, acha,
tutazibeba hivihivi.

Wiki ya tano uliniita kutoka bafuni:
"Mama! Imekuja."
Nilikuwa jikoni, ugali unatokota,
na sikuwa na swali.
Nikauweka mwiko chini.