Urefu wa Kidole

Baridi ya Yakutsk ilikula vidole viwili vya mama,
cha shahada na cha kati,
ile Januari lori lake la maziwa lilipozimika njiani
akafungua boneti mikono mitupu.
Vilivyobaki vimekufa ganzi.
Usiku hupapasa ukuta wa chumba chake
kama anayepapasa ukuta wa mtu mwingine,
na swichi hubonyea au haibonyei,
yeye hana habari.

Jirani Prokopy alishauri swichi ya kamba.
Kamba nayo inataka kushikwa.

Nikakata bamba la shaba, upana wa kisahani cha chai,
nikalificha nyuma ya ubao mwembamba,
nikalehemu waya mmoja tu.
Bamba ni nusu ya kitu.
Nusu ya pili ni yeyote anayekaribia:
maji yake, chumvi yake, uzito wake gizani.
Katikati ni hewa.
Mkono ukisogea, chaji hujazana kwenye shaba
kama watu dirishani waliosikia hatua uani,
na saketi, isiyolala, huhesabu:
wameongezeka? wameongezeka?
Haiulizi kama mkono unahisi.
Inauhisi.

Kwangu iliwaka ningali shibiri nzima mbali.
Kwa mama, kimya.
Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka.
Nikageuza skrubu ya resista, robo,
robo tena.
Birika likachemka, mvuke ukaiwasha taa.
Paka akapita, ikawaka.
"Mwache, naye ni mwenye nyumba," mama akasema.
Nikapunguza. Nikaongeza.
Nje, nyuzi arobaini na nne chini ya sifuri,
na mimi natoa jasho kwa skrubu isiyozidi punje ya mtama.

Nikasinzia mezani, shavu juu ya vipande vya waya.

Taa ikawaka.
Ikazimika.
Ikawaka.
Nimeilegeza mno, nikajiambia,
itatuwakia hata panya akipiga chafya.
Nikanyanyuka na bisibisi.

Mama ameketi kitandani, shali mabegani,
anaunyosha mkono taratibu mno,
kama anayemkaribia ndama mgeni.
Taa inawaka kabla hajafika.
Anaurudisha.
Anaunyosha.
"Dyulustan," akasema bila kugeuka,
"njoo uone inapowakia."

Nikainama.
Kati ya kovu na ubao palikuwa na pengo,
si shibiri, si nusu shibiri:
pale hasa ambapo kucha ya kidole cha kati
ingekuwa imegusa.

Nikasema, kwa kukosa la kusema,
"Ni mbali mno. Nitaipunguza kidogo."

"Iguse hiyo skrubu," mama akasema,
"utalala nje na lori."